Sketi Nyeusi, Blauzi Nyeupe

Mwanamke mwenye mkufu mzito shingoni alimkabidhi binti yangu sahani iliyojaa mifupa ya kuku, bila hata kumtazama usoni.

Binti yangu akaipokea.

Nilikuwa nimesimama nje ya uzio wa ukumbi wa wazi, nachungulia katikati ya maua, na kwa muda nilidhani macho yananidanganya. Yule ni mwanangu. Amealikwa kwenye sherehe ya kuzaliwa ya rafiki yake. Nguo aliyovaa nimemnunulia mimi, baada ya kulizunguka soko mpaka miguu ikawaka moto.

Kisha nikawaona wengine. Wavulana kwa wasichana, wakipita kati ya meza na trei za soda. Nguo nyeusi chini, nyeupe juu.

Wahudumu.

Na mwanangu alikuwa amevaa kama wao, hakuna kilichopungua wala kuzidi.

Wewe unayenisoma, kama una mtoto, utaelewa kilichonipanda kichwani. Kuna mtu alimwambia mwanangu avae hivyo. Kuna mtu alitaka apokee mifupa ya watu mbele ya wanafunzi wenzake. Na nilikuwa na hakika kwamba namjua.

Lakini kabla sijaingia ndani ya ule uzio, ni haki ujue niliingia na mzigo gani moyoni.

Mimi ni mtunza maktaba. Niseme vizuri: nilikuwa. Nimesomea kazi hiyo chuo kikuu, nikaifanya kwa miaka mingi katika chuo kimoja kidogo, mpaka walipopunguza wafanyakazi na mkataba wangu ukakosa kurefushwa. Baba wa mwanangu alifariki mtoto akiwa bado anatambaa. Tumebaki wawili, katika vyumba viwili.

Sikumwambia kwamba kazi imekwisha.

Alikuwa na mitihani mbele yake, na niliona si vyema kumpa mtoto wa kidato cha tatu mawazo ya mtu mzima. Kila asubuhi nilivaa, nikachukua mkoba, nikatoka. Nilikwenda kukaa kwenye mabenchi ya wagonjwa wa nje, hospitalini. Pale hakuna anayekuuliza umekuja kufanya nini. Ukikaa kimya na uso wa huzuni, watu wanakupisha tu.

Jioni nilirudi nikilalamika kwamba wanafunzi wa siku hizi wanachana kurasa za vitabu.

Kwa hiyo alipokuja siku moja akasema kwamba Jumamosi kuna sherehe kwa Kidosho, na kwamba anatakiwa awepo, nilifurahi kupita kiasi. Kidosho ndilo jina la utani la yule rafiki yake, mtoto wa watu wenye uwezo, msichana mpole mwenye sauti ndogo. Niliwaza hivi: maadamu mwanangu bado anaitwa kwenye nyumba zile, basi hatujaanguka. Bado tumo.

Nikaapa moyoni ataingia pale amependeza. Kwa bei yoyote ninayoweza, ambayo haikuwa bei kubwa.

Tulikwenda sokoni, upande wa mitumba. Mwenye fedha hununua zile zilizotundikwa kwenye henga. Sisi tuliinama kwenye rundo, tukachambua.

Nami nikabahatika. Chini kabisa, chini ya makoti ya baridi, nilivuta gauni la rangi ya zambarau iliyoiva, kitambaa kizito, mshono safi, zipu nzima. Nililigeuza ndani nje nikitafuta kasoro. Halikuwa nayo. Muuzaji, mama mmoja mnene mwenye maneno mengi, aliniambia nikilishusha chini tu, anampa mwingine.

Mwanangu alilitazama. Nilimwona akilitazama. Aliupitisha mkono kwenye kitambaa mara moja, halafu akauondoa.

Akasema halimfai. Alikuwa ameshapata anachotaka: sketi nyeusi ya kawaida, ya kufika chini ya magoti, na blauzi nyeupe ya mikono mirefu.

Yule muuzaji akacheka mpaka akashika kiuno. Akaniuliza, "Mama, huyu anakwenda kwenye sherehe au anakwenda kusomewa hukumu?"

Hata mimi nilicheka. Nikamwambia mwanangu asiwe na wasiwasi na bei, kwamba gauni lenyewe si ghali, kwamba mama yake bado ana mshahara. Nililisema hilo neno, mshahara, bila hata kumeza mate.

Alikuwa akichuchumaa na kusimama, akiipima ile sketi juu ya suruali yake. Akauliza kama kuna viatu vyeusi, vya chini, visivyoteleza.

"Ndivyo watakavyovaa, mama," akasema. "Nimeambiwa nyeusi na nyeupe."

"Na nani?"

"Na Kidosho."

Basi nikalipa, na gauni likarudi kwenye rundo. Niliumia kidogo, lakini nilijifariji kwamba vijana wana mitindo yao, na huenda wameamua kuvaa sare kama wanakwaya.

Jumamosi nilimsindikiza. Aliniomba tuagane kwenye kona, si mlangoni. Nikadhani ananionea aibu, kama watoto wa umri ule wanavyowaonea aibu wazazi, na wala sikukasirika. Nikaanza kurudi nyumbani. Nilifika hata kituo cha basi.

Kisha tamaa ikanishika ya kumwona. Mara moja tu, nione amekaa wapi, nani anaongea naye, anachekaje.

Nikarudi, nikasimama penye maua yale... na mengine umeshayajua.

Sikupita hata mlangoni. Kulikuwa na upenyo kwenye uzio, nikapita hapo hapo, na kipande cha ua kikaning'inia kwenye nywele.

Nilimfikia mwanangu akiwa ameongeza sahani nyingine juu ya ile ya kwanza. Nikazichukua zote mikononi mwake. Alinitazama kama mtu aliyemwona marehemu.

"Mama, tafadhali," akasema kwa kunong'ona. "Tafadhali, nenda."

Nilimshika mkono nikamvuta. Tulikatiza katikati ya meza mpaka mbele, kwenye meza ya keki, alipokaa Kidosho na wazazi wake. Muziki ulikuwa chini, na aliyekuwa akizungumza kwenye kipaza sauti alinyamaza. Niliziweka zile sahani mbele ya msichana yule, mifupa na yote, juu ya kitambaa cheupe.

Nikamuuliza, na sauti yangu ilikuwa tulivu, nasema kweli: "Huyu ni mgeni wako au ni mtumishi wako?"

Kidosho alimtazama mwanangu. Sikuelewa kwa nini anamtazama yeye badala ya kunijibu mimi.

"Mama, naomba tuzungumze kule nyuma," akasema.

Nikamwambia tutazungumza pale pale. Na nikazungumza. Niliwaeleza wageni wote namna yule msichana alivyomdanganya mwanangu rangi ya kuvaa ili amfanye kichekesho. Nilisema kwamba umaskini si kosa, lakini kumvua mtu utu wake mbele za watu ni kosa. Nilitumia maneno mazuri sana. Niliwahi kufundishwa kupanga hoja, na siku ile nilizipanga.

Mama yake Kidosho alifunika mdomo. Kidosho mwenyewe aliinamisha kichwa, machozi yakadondokea kwenye gauni lake, na hakujitetea hata kwa neno moja. Nikauona ukimya ule kuwa ni ushahidi.

Mwisho wa ukumbi, kwenye meza iliyojitenga karibu na ukuta, kundi la wasichana lilikuwa limesimama ili lituone vizuri. Baadhi yao walikuwa wameinua simu.

Ndipo mwanangu akasema. Hakupaza sauti, ila kulikuwa kimya kiasi kwamba kila mtu alisikia.

"Mama, mimi niko kazini."

Sikuelewa. Nilimwambia arudie.

Mwanamke mmoja mrefu aliyevaa aproni alitoka upande wa jikoni akifuta mikono. Alimuuliza mwanangu, "Huyu ni mama yako?"

Mwanangu alisita.

Msomaji wangu, nimepata misiba katika maisha yangu. Nimemzika mume. Lakini ule muda mfupi ambao mtoto wangu aliutumia kuamua kama anikubali au anikane, sijui niuweke wapi.

"Ndiyo," akasema.

"Basi mpeleke nyumbani. Na wewe usije tena wiki ijayo."

Tulitembea muda mrefu. Alitangulia hatua chache mbele yangu, mikono amejikumbatia. Jua lilikuwa bado kali. Nilimfikia tulipokuwa tunavuka barabara, nikamuuliza Kidosho amemfanyia nini, amemlazimisha vipi.

Akasimama. Nilitegemea atalia, lakini macho yake yalikuwa makavu.

Aliniambia yote, kwa mpangilio, kama anayemweleza mtu mgeni. Yule mwenye aproni ni shangazi yake Kidosho, na ana biashara ya kupika na kuhudumia sherehe. Yeye mwenyewe, mwanangu, ndiye aliyemwendea Kidosho kumwomba amwombee kibarua. Kidosho alikataa. Alimtaka aje kama mgeni, akajitolea hata kumwazima gauni. Mwanangu akashikilia kwamba anahitaji kazi, si gauni.

Basi yule msichana akafanya alichoweza. Alimsihi shangazi yake mpaka akakubali kumjaribu siku ile moja, na kama angefanya vizuri, angepata kibarua kila mwisho wa wiki. Akamwelekeza mavazi ya wahudumu. Wasichana wa shule akawapangia meza ya mwisho kabisa, upande unaohudumiwa na wengine, ili wasimwone. Na akamwahidi kwamba hata likitokea jambo gani, hatamtaja mbele ya mtu.

Hata likitokea jambo gani.

Aliitunza ahadi yake mbele yangu, huku mimi namtukana kwa ufasaha.

Nilimuuliza mwanangu swali ambalo kila mzazi huliuliza akiwa amechelewa. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilianza kukuambia. Nilisema kwa kina Kidosho kuna sherehe na natakiwa niwepo. Ukashangilia kabla sijamaliza. Ukaanza kuongea habari za gauni." Alimeza mate. "Sijakuona umefurahi hivyo tangu uache kazi."

Gari lilitupigia honi. Bado tulikuwa katikati ya barabara. Nilimvuta pembeni, kisha nikamwachia mkono, maana nilihisi sina haki ya kuushika.

Nikauliza ni nani aliyemwambia.

Alikwenda chuoni kunitafuta, akasema, siku moja ya mvua kubwa, ili turudi pamoja na mwavuli. Mlinzi akamshangaa. Akamwambia mama yako huyu mbona hayupo hapa tangu mwaka ulipoanza.

"Kwa hiyo ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Kila asubuhi?"

"Kila asubuhi nilikuwa nakupigia pasi nguo zako, mama. Nilijua huendi popote. Nilitaka tu, huko unakokaa, wasikuone kama mtu aliyekata tamaa."

Nilikaa chini. Pale pale kando ya barabara, kwenye ukingo wa mtaro, mwanamke mzima na shahada yangu na kipande cha ua kichwani. Wapita njia walitupisha kama wanavyonipisha hospitalini. Mwanangu hakukaa. Hakuniinua pia. Alisimama karibu yangu akingoja nimalize, kama mtu anayemngoja mtoto.

Jumapili nilikwenda kwa kina Kidosho kuomba radhi. Mama yake alikuja mpaka getini. Hakunifokea. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, akasema amesamehe, na kwamba binti yake hajisikii kutoka chumbani. Kisha akafunga geti taratibu, kwa adabu, na nikasikia komeo likiingia.

Zile picha za simu zimezunguka shuleni. Mwanangu alichoogopa ni wenzake kujua kwamba ni mhudumu. Sasa wanajua hilo, na wamemjua mama yake. Kidosho amehama dawati. Nilipouliza kama wamegombana, mwanangu alijibu hapana, ila wakikaa pamoja watu wanawacheka wote wawili, na haoni sababu ya Kidosho kuchekwa tena kwa ajili yetu.

Hivyo ndivyo nilivyoilinda heshima ya mtoto wangu.

Sitakupa somo refu. Wengi wetu tunapowachagulia mabinti nguo, tunauliza kama itampendeza, kama itadumu, kama mfuko unaruhusu. Mimi niliyauliza yote hayo. Sikumuuliza anakwenda kufanya nini ndani ya nguo ile. Ningemuuliza, kisha nikanyamaza nisikilize, asingekuwa na lazima ya kunificha. Wala hakunidanganya. Nilijidanganya kwa furaha yangu, naye akanionea huruma.

Na kama umeanguka, mwambie mwanao. Huenda anajua zamani. Huenda yuko chini pamoja nawe, na ameshika sehemu ya mzigo ambayo hukudhani mikono yake inaifikia.

Jumatatu niliamka mapema, nikiwa nimeshaamua kwamba sitavaa, sitachukua mkoba, sitatoka. Nilitaka anikute nimekaa mezani, nimwambie hivyo kwa mdomo wangu.

Alikuwa ameshakwenda shule.

Mlangoni, kwenye msumari, alikuwa amenitundikia blauzi yangu. Imepigwa pasi.