Maji Mengi, Maji Kidogo

Siku ile soko kuu la Bunia lilijaa hadi watu wakawa wanakanyagana, na Léonie alikuwa ameinamia mashini yake, anashona kanzu nyeupe za watu watakaobatizwa. Ghafla gunia la samaki wa chumvi likamponyoka mtu begani, likatua katikati ya kanzu zile. Maji ya chumvi yakatiririka, harufu ikapanda, wamama wa meza za jirani wakashika pua huku wakicheka. Mwenye gunia alikuwa kijana mrefu, mweusi ti, shati lake la bluu limepigwa pasi utadhani anakwenda kwenye harusi. Alianza kuokota samaki wake kabla hata ya kusema pole.

"Weye unafikiri samaki nao wanabatizwa?" Léonie akamuuliza.

"Kama ni weye unawashonea kanzu, wataomba wenyewe."

Mwanamke mwingine angecheka na kusamehe. Léonie si huyo. Alizikusanya kanzu zote, akamtwika, akamwambia azirudishe zikiwa nyeupe kama alivyozikuta. Na kijana akazirudisha kesho yake, zimefuliwa, zimekunjwa, zinanukia sabuni, na pasi yake ilishinda hata ya Léonie. Alijitambulisha kuwa anaitwa Vital, mtu wa Mahagi, analeta samaki wa ziwani kuuza Bunia. Akaomba namba ya simu, akanyimwa. Juma lililofuata akaleta suruali ya kushonwa, imechanika pazuri mno, pamenyooka, na mtu yeyote mwenye macho angeona ni wembe uliopita pale. Léonie aliigeuza suruali ile mara mbili, akacheka peke yake, kisha akampa namba.

Ee, simu zile! Asubuhi kabla ya kufungua meza, mchana, jioni akipika. Vital anauliza amekula nini, Léonie anajibu sombe, yale majani ya muhogo, na samaki. Anauliza samaki wa nani, anajibiwa wa mtu mwingine, basi ananyamaza kimya kirefu akijifanya ameumia, mpaka Léonie amwite chouchou ndipo apone. Alimpenda, tuseme wazi. Alimpenda hadi akawa anatambua kikohozi chake kati ya kelele zote za soko.

Lakini kulikuwa na jambo, na afadhali nilitaje mapema. Léonie alikuwa anatafuta ubatizo. Alikulia katika kanisa lao la mtaa wa Lumumba, ambako mama yake, Mama Annette, anaongoza kwaya, na yote aliyoyajua juu ya Mungu aliyajulia pale. Kanisa hilo linabatiza watu wazima tu, mtoni, kwa maji mengi. Linafundisha kwamba aliyemwagiwa maji kidogo kichwani akiwa mtoto hakubatizwa, yungali mpagani, na mtu wa kanisa haruhusiwi kufunga ndoa naye. Kila anayetaka ubatizo husimama mbele ya wazee, anasomewa mafundisho moja baada ya jingine, na kwa kila moja husema, "Ninakubali."

Léonie alikubali yote isipokuwa hilo la maji kidogo. Utotoni, yeye na mama yake walipokimbia vita, ni masista Wakatoliki waliowafungulia mlango, wakawapa uji na blanketi. Kuwaita watu wale wapagani kulimshinda. Mwaka uliopita alisema hapana mbele ya wazee wote, na Mchungaji Fulgence akamrudisha nyuma. Watu wakasema ni kiburi. Mwaka huu, Vital alipotokea, wakasema ni mwanaume. Wengine wakamshauri aende zake, makanisa Bunia ni mengi. Akawajibu kwamba mtu hahami kwao kwa sababu hawakupatana juu ya jambo moja.

Vital naye alikuwa mtu wa maji kidogo, tena kidogo kweli. Mama yake, Bénédicte, alimkimbiza wakati wa vita akiwa kitoto kichanga, ndani ya pirogue, mtumbwi uliojaa watu, wakivuka ziwa kwenda upande wa Uganda. Mtoto alikuwa na homa kali, padri hayupo, basi mama akachota maji ya ziwa kwa kiganja na kumbatiza mwenyewe. Vital aliisimulia habari hiyo akicheka. Léonie aliisikiliza akilia, na tangu siku ile akazidi kuishikilia hapana yake.

Kisha Vital akaanza kupotea. Anasema amefuata samaki, na samaki hawaonekani. Jumamosi nzima simu imefungwa. Patricia, aliyeuza vitenge meza ya pili, akaja na habari kwamba ndugu yake amemwona Vital huko Marabo, nje ya mji, amevaa viatu vyake vya kung'aa, anacheka na wasichana nje ya nyumba fulani. Léonie alishona mkono wa kushoto wa kanzu mahali pa mkono wa kulia, akafumua, akakosea tena. Jioni namba ya Vital ikalia, akaiacha ilie mpaka ichoke. Akafanya hivyo siku zote zilizofuata, na kila mara alilia.

Siku ya kuulizwa mbele ya wazee ikafika. Wanafunzi wa ubatizo wa matawi yote ya kanisa walikusanyika Lumumba, wazazi wamejaa kwenye viti, Mama Annette mbele kabisa na kilemba chake cha kijani. Kundi la tawi la Marabo likaingia, na katikati ya wasichana wale waliosemwa, akaingia Vital. Alikuwa anajifunza ubatizo huko kwa siri muda wote ule. Alimtazama Léonie na kutabasamu, amejaa furaha kama mtu aliyeleta mbuzi wa mahari.

Moyo wa Léonie uliruka. Vital hakuwa na mwanamke mwingine! Lakini Mchungaji Fulgence alikuwa ameshafika kwa Vital, anamuuliza kama anakubali kwamba maji aliyomwagiwa utotoni yalikuwa ya bure, si ubatizo.

"Ninakubali," Vital akasema, kwa sauti safi, hadi nyuma wakasikia.

Furaha ya Léonie ikakatika pale pale. Zamu yake ilipofika akajibu yote vizuri, na kwa hilo moja akasema hapana, kama mwaka uliopita. Minong'ono ikazunguka kanisani. Mchungaji akamwambia kwa upole kwamba kesho ni mtoni, na kama hatabadili jibu, atabaki ukingoni na watazamaji.

Vital alimfuata hadi kwenye lango, pikipiki zinapita, vumbi linawafunika.

"Chérie, nimefanya yote juu yako. Sasa hawana tena neno la kutuzuia."

"Ile uliitika, unaiamini?"

"Ni mudomo tu, Léonie. Nani iko nauliza moyo?"

"Miye niko nauliza." Léonie alimgeukia kwa hasira. "Watu wananicheka mu soko, mama yangu hasemi na miye vizuri, juu ya neno moja sikutaka kusema mudomo tu. Na weye umeisema, unacheka. Mama yako alikubatiza na mukono yake, watu wanakufa pembeni. Leo umeita ile ya bure. Kama yeye umemukana, miye utanikana siku gani?"

Vital aliinamisha kichwa, akauliza polepole kwamba sasa afanye nini, maana akibaki alivyo hawatamwacha amuoe.

"Sikukuomba ukuwe mutu mwingine," Léonie akasema, akapanda pikipiki ya kwanza iliyosimama.

Jumapili watu walijaa kwenye ukingo wa mto Shari, ngoma zinalia, kwaya inaimba. Léonie alikuja na kanzu yake, akasimama mwisho wa mstari ingawa hakuitwa. Moyoni aliogopa. Akirudishwa tena mwaka huu, wazee walishasema hawatamuuliza mwaka ujao, na mlango huo utafungwa. Hata hivyo jibu lake halikuwa limebadilika.

Zamu ya Vital ikafika. Aliingia mpaka maji yakamfika magotini, akasimama, akaomba kusema neno.

"Pasteur, jana nilidanganya. Maji ya mama yangu haikuwa ya bure. Ndiyo ubatizo yangu. Ninaomba musamaha kwa wote, na ninatoka mu mustari."

Akageuka, akapanda ukingoni kati ya watu waliokodoa macho, kanzu imemganda miguuni, kichwa juu. Léonie alimtazama na kifua kikamjaa fahari. Huyu ndiye. Huyu ndiye aliyempenda.

Léonie akaingia mtoni mwenyewe. Ngoma zikanyamaza. Mchungaji Fulgence akamuuliza mara ya mwisho.

"Yesu ninamukubali na moyo yote," Léonie akasema. "Maji mengi ninaitaka, ndiyo sababu niko hapa. Lakini kusema wale wengine hawana ubatizo, hapana, Pasteur. Nikisema ndiyo, nitaingia mu maji na uongo."

Mchungaji alishika ndevu zake zenye mvi. Mzee mmoja akaanza kusema kitu ukingoni, naye akamwinulia mkono.

"Jana mumoja aliniambia ndiyo na alidanganya," akasema hatimaye. "Huyu ananiambia ukweli mwaka ya pili. Siwezi kufukuza mutu mu maji juu ya ukweli. Lakini sikia, mutoto wangu. Fundisho letu sibadilishi. Siku utaolewa na ule kijana, utakaa kwa benchi ya azabu, kule nyuma, na Meza ya Bwana itakupita."

"Benchi ya azabu iko ndani ya kanisa, Pasteur. Nitakaa pale, na mutanisikia nikiimba."

Mtu akacheka, kisha wengi. Mchungaji mwenyewe alishindwa kuzuia tabasamu. Akamshika mgongo, akaita jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, akamzamisha chini kabisa.

Desturi ya pale ni kwamba anayetoka majini hupokewa na mtu wa nyumba yake, ambaye humfunika kitenge kikavu mbele ya kanisa lote. Léonie aliinuka, maji yanamwingia machoni, akamtafuta mama yake. Mama Annette alikuwa amesimama na kitenge kipya mikononi, machozi yanamtiririka bila kufutwa. Alipiga hatua moja kuelekea mtoni, akasimama. Kisha akageuka, akapita mbele ya wazee na wanakwaya wake wote, akaenda moja kwa moja hadi kwa Vital na kumwekea kitenge kile mikononi.

"Enda umufunike," akamwambia. "Na Mahagi upigie simu leo. Mama yako akuje yeye mwenyewe. Nataka kumusalimia mwanamuke ule."