Lugha Yao ni Fupi

Haya hayakunipata mimi. Yalimpata wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye tulikuwa tukiishi naye nyumba moja. Mengi alinisimulia mwenyewe. Mengine niliyaona kwa macho haya, na mpaka leo natamani ningekuwa nimefumba.

Siku yenyewe ilianza kama siku zote. Mimi nilishafunua cherehani yangu pale sebuleni. Wifi alikuwa anakunywa chai amesimama, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, anatafuta funguo zilizokuwa mfukoni mwake.

"Wewe unaratibu maisha ya watu," nikamwambia. "Nani anakuratibu wewe?"

"Si wewe, wifi? Ndiyo maana nimechakaa hivi."

Akacheka, akatoka.

Kazi yake ilikuwa kuwafuata majumbani watu walioshikwa na maradhi ya akili. Anahakikisha dawa zipo na zinamezwa, anapanga siku za kliniki, anakaa na ndugu waliochoka anawatia moyo. Lakini kubwa zaidi, alikuwa mdomo na sikio. Wagonjwa wengi walisema lugha yetu tu, na daktari alisema lugha ya ofisini tu. Kwa hiyo wenzake walimbatiza jina, Daraja. Daktari mwenyewe alikuwa mtu mwema, mpole, ila lugha yetu ilimshinda kabisa. Alijua maneno mawili, "asante" na "pole," na hayo pia aliyachanganya. Kuna mfiwa aliwahi kushikwa mkono kwa huruma nyingi akaambiwa "asante."

Siku hiyo walikwenda kwa mama mmoja mjane aliyeitwa Mama Dobi, kwa sababu maisha yake yote alifua na kupiga pasi nguo za watu. Aliishi vyumba viwili nyuma ya duka. Zamani alisumbuliwa sana na sauti, akalazwa, akarudi amekonda hadi pete ikawa inamdondoka. Lakini sasa alikuwa amepona vizuri. Alilala, alikula, alitania. Wifi alijivunia mama yule kama mwanafunzi wake aliyefaulu.

Daktari alimuuliza maswali yake, Wifi akatafsiri, mambo yakaenda. Walipoanza kuinuka, Mama Dobi akamshika Wifi mkono. Akanong'ona.

"Mwanangu, mwambie daktari kuna mtu jikoni."

Wifi akageuka. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi, saa za mchana, jua limejaa sakafuni. Kulikuwa na kiti kimoja cha mbao. Kilikuwa kimeelekezwa ukutani.

"Mtu gani, mama?"

"Simjui. Amekaa anatazama ukuta. Nikimwambia atoke, hanisikii. Anasema atatoka akiambiwa na mtu wa kutoka nje. Sasa huyu daktari si wa nje? Mwambie amwambie atoke. Neno moja tu, mwanangu. Nisiachwe naye tena."

Daktari alikuwa anasubiri, kalamu mkononi, anatabasamu.

Wifi aliniambia baadaye kwamba mambo mengi yalimpita kichwani kwa mpigo. Akisema hayo, mama atalazwa tena. Akisema hayo, daktari atawaona watu wetu wote ni wa kuona mapepo, na yeye ndiye aliyekuwa akipigana kila siku wasionekane hivyo. Halafu kulikuwa na nyumba nyingine zinawangoja, na walishachelewa. Ipi kati ya hizo ilikuwa sababu ya kweli, hajui hadi leo. Anachojua ni kwamba mdomo ulimtangulia.

"Anashukuru," akamwambia daktari kwa lugha ya ofisini. "Anasema amechoka kidogo tu."

Daktari akamgeukia mama, akamwambia, "Asante."

Mama Dobi hakuelewa lugha ile. Lakini alikuwa na masikio. Akamtazama Wifi usoni.

"Nimesema mengi, mwanangu. Mbona wewe umesema machache?"

Wifi akacheka kidogo.

"Lugha yao ni fupi, mama."

Akamwachia mkono.

Wiki haikuisha. Mwenye nyumba ya Mama Dobi alipiga simu, mwanamke mwenye sauti kubwa ambaye siku hiyo hakuwa na sauti. Mama Dobi alikutwa jikoni amefariki, amekaa sakafuni, paji la uso limegusa ukuta. Hospitali walisema ni moyo. Kiti kilikuwa nyuma yake. Kilikuwa kimegeuzwa, kinatazama mlango.

Wifi alirudi nyumbani, akaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Mimi nikadhani ni huzuni ya kazi.

Siku aliyorudi kazini, alikwenda kwa kijana mmoja anayeugua, akapokewa na mama wa kijana. Mama akaleta viti viwili.

"Nipo peke yangu leo," Wifi akamwambia.

Yule mama akatazama nyuma ya bega la Wifi. Akaona haya, kama mtu aliyekosea adabu kwa mgeni.

"Haya. Basi asimame."

Nyumba iliyofuata, baba mmoja akafungua mlango, akasema, "Karibuni." Muuza duka akamuuliza, "Mnataka nini?" Mlinzi wa kliniki, anayemjua tangu zamani, akamwambia, "Mmechelewa leo." Wifi akageuka. Hapakuwa na mtu. Akamuuliza mlinzi, "Mimi na nani?" Mlinzi akakuna kichwa. Hakukumbuka kusema hivyo.

Na waliosema hivyo hawakuwa wagonjwa. Wagonjwa hawakuona lolote. Wangekuwa wagonjwa, Wifi angejua la kufanya.

Siku moja nilikuwa nashona, mgongo wangu kwa mlango. Nikasikia ufunguo. Nikasikia kinywa changu kinasema:

"Karibuni. Mmeshindaje?"

Sindano ikasimama. Sikuwa nimefikiria. Yalitoka tu, kama chafya. Nikageuka polepole, nikamwona Wifi amesimama mlangoni, midomo imekauka.

"Hata wewe?" akanong'ona.

Ndipo akaniambia yote. Alilia hadi akashindwa kupumua. "Aliniomba neno moja, wifi. Moja tu. Nililila."

Nilimwambia maneno ambayo watu husema. Kwamba ahadi ya Mungu ikifika imefika. Kwamba alikuwa anamlinda. Alinisikiliza, kisha akaniuliza kama nayaamini. Nikanyamaza. Kunyamaza kwangu nako akakutafsiri.

Kesho yake alikuwa ndani ya gari na daktari, wanatoka kumwona mgonjwa. Saa sita mchana. Daktari anaendesha, anaongea kwa lugha ya ofisini kuhusu dawa zilizokwisha kliniki. Katikati ya sentensi akakatika.

Gari likaendelea kwenda.

Halafu akasema, kwa lugha yetu. Safi. Sauti ya mwanamke mzee, imechoka.

"Mwanangu. Umemwambia?"

Mikono yake ilikuwa bado kwenye usukani. Macho yake barabarani. Kisha akaendelea na sentensi yake ya dawa pale pale alipoiachia.

Wifi akamwambia asimamishe gari. Akamweleza kila kitu kando ya barabara, magari yanapita. Daktari hakumkatiza. Wifi alipomaliza, daktari akatikisa kichwa. Hakukumbuka kusema chochote. Lakini hakuuliza kuhusu hilo. Aliuliza kuhusu mama.

"Ungeniambia," akasema, "ningemwambia atoke. Ningekiambia kiti. Ningeiambia hata ndoo, kama ingempa usingizi. Nisingemlaza kwa hilo. Na nisingemwacha peke yake."

Hakupandisha sauti. Wifi anasema afadhali angempiga.

Mchana huohuo alinipigia simu. "Njoo, wifi. Siwezi kuingia mle kwa Mama Dobi na daktari tu." Nikaacha gauni la mteja kwenye cherehani, nikaenda. Hapo sasa sisimulii ya kuambiwa. Hapo nilikuwepo.

Mwenye nyumba alitufungulia, akabaki nje kwenye ukumbi. Vyumba vilikuwa havijapangishwa. Vilinuka sabuni. Jikoni, kiti kilikuwa palepale, kinatazama mlango, yaani kinatutazama sisi.

Wifi alisimama mbele yake. Akaanza kutafsiri. Aliyasema maneno ya Mama Dobi yote, moja baada ya jingine, kwa lugha ya ofisini, bila kupunguza. Mtu jikoni. Anatazama ukuta. Hanisikii. Neno moja tu. Nisiachwe naye tena. Nilikuwa naielewa kidogo lugha ile, na niliona kwamba haikuwa fupi hata kidogo. Alipofika mwisho akamgeukia daktari.

Daktari akauliza, "Kwa lugha yake inasemwaje?"

"Toka," akasema Wifi.

Daktari akakitazama kiti. Akavua miwani yake, sijui kwa nini.

"Toka."

Alilitamka vibaya. Hakuna aliyecheka.

Hakikutokea kitu. Mlango haukujibamiza. Upepo haukuvuma. Nilianza hata kuona aibu kwa niaba yetu sote.

Ndipo nikamwona mwenye nyumba, kule ukumbini. Alijibana ukutani, kama mtu anayewapisha waliobeba mzigo. Akainamisha kichwa kwa heshima. Akasema taratibu:

"Kwaherini."

Kisha akaziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Sisi watatu tulikuwa bado jikoni.

Tangu siku hiyo Wifi husalimiwa peke yake. Mara ya kwanza baba mmoja alipomwambia "karibu," alikaa kwenye ngazi za nyumba ya watu akalia. Alikwenda mwenyewe kwa mkuu wa kliniki, akakiri. Alisimamishwa kwa muda, akarudishwa, kwa sababu wenye lugha mbili ni wachache. Siku hizi anatafsiri kila kitu, hata matusi, hata mtu akiguna. Anakonda. Nikimwambia imekwisha, ananijibu kwamba yule aliyepaswa kumsamehe hayupo wa kuulizwa.

Mimi niliombwa na mwenye nyumba nimsaidie kusafisha vile vyumba apate kupangisha. Tukakitoa kile kiti. Chini yake, kwenye saruji ngumu, kulikuwa na mashimo mawili ya nyayo, yameliwa ndani kama kizingiti kilichokanyagwa miaka mingi. Sakafu ile ilikuwa mpya. Mwenye nyumba ananiambia ameyaziba kwa saruji mara kadhaa, na kila ikikauka, yanarudi.

Niliinama, nikaweka kiganja. Sakafu yote ilikuwa baridi. Pale palikuwa na joto, kama pahali ambapo mtu ameinuka sasa hivi.