Kuitika Jina la Raquel

Mlio ulimfikia Keyonna akiwa bado kwenye ngazi: mngurumo mwembamba, kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo. Chini, katika chumba cha kufulia cha bweni, mashine zote zilikuwa zikizunguka, na katikati ya makapu ya nguo vijana weusi walijipanga mbele ya kiti cha plastiki. Kijana mrefu aliyevaa aproni ya maua alikuwa akimnyoa mwenzake. Mjini hapakuwa na kinyozi aliyeziweza nywele zao.

"Foleni inaanzia nyuma, dada," alisema bila kuinua macho.

"Nimekuja kufua."

"Na hizo nywele za shingoni, nazo utazifua?"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Keyonna akapapasa kisogo, akajikuta amekaa kitini. "Ukiniharibu, kaka, mama yangu anakuja na mwiko kutoka Memphis."

"Aje na chungu pia. Chakula cha hapa hakina chumvi."

Huyo ndiye Cordell, wa Detroit, mwanafunzi wa fizikia. Theluji ilipoanza kuanguka walikuwa wakipigiana simu hata wakiwa jengo moja.

"Uko wapi, asali?"

"Juu ya kichwa chako, mjinga wewe. Nasikia unavyoimba vibaya."

Siku moja walikuwa bwaloni, Keyonna amevaa sweta la manjano ambalo Cordell alilipenda, Profesa Halvorsen akasimama mezani kwao na trei yake. Alikuwa Mzungu mzee, mpole, mwenye sauti ya kubembeleza.

"Raquel! Insha yako imenifurahisha. Unajieleza vizuri, sikutegemea!"

"Asante, Profesa," Keyonna alijibu, akatabasamu, akarudi kwenye viazi vyake.

Raquel alikuwa msichana mwingine, mrefu, maji ya kunde, misuko hadi kiunoni. Keyonna alikuwa mfupi, mweusi, nywele zimekatwa karibu na ngozi. Darasani kwa Halvorsen weusi walikuwa hao wawili tu.

Cordell aliweka uma chini. "Na umeitika!"

"Nilimsahihisha muhula ulipoanza. Nikamsahihisha tena. Kila mara anaona haya, anaomba radhi mpaka namfariji mimi. Halafu Jumatatu narudi kuwa Raquel. Kula, kinapoa."

"Sisi tunaokataa tunaonekana wakorofi kwa sababu yenu nyie mnaoitika."

Keyonna aliitafuta hasira kama mtu anayepapasa mfuko wa koti. Haikuwamo. Hata uchungu haukuwamo. Akabeba trei yake, akatoka. Jioni akampigia mama yake akamwambia kwamba Januari atahamia chuo cha nyumbani. Simu za Cordell zikaita, akaziacha ziite.

Wiki ikapita. Kisha hodi ikabishwa, na mlangoni alisimama Cordell, theluji mabegani.

"Nimetoka maktaba," alisema. "Mlinzi kaniomba kitambulisho. Meza imejaa Wazungu, kaniomba mimi peke yangu."

Keyonna alidhani anajua kilichofuata: hotuba, kelele, watu kugeuka kutazama. "Ukamwambia nini?"

"Nimemwambia asante."

Akaketi sakafuni na koti lake. "Asante, Key! Kama vile kanipa zawadi. Na mikono nikaiweka juu ya meza aione haina kitu. Maneno yote ninayo, miaka yote nimekuwa nayo, leo hayakutoka."

"Hasira je?"

"Naitafuta tangu mlangoni kwao."

Keyonna alicheka, cheko fupi, kavu. Akashuka kitandani akakaa kando yake, goti likagusa goti.

"Nilikukosea pale bwaloni," Cordell alisema. "Nisamehe, mpenzi."

"Naondoka Januari."

"Najua. Nilimpigia mama yako."

"Mmbea yule!"

Aliliona neno *baki* likimjia Cordell mdomoni. Akaona pia jinsi alivyolimeza. Nje, wanafunzi walikuwa wakirushiana theluji na kupiga mayowe, na Keyonna hakusikia furaha wala wivu.

"Sijaamua vizuri," alisema polepole. "Nimechoka tu. Nikibaki, utanihubiria kila siku?"

Cordell aliuchukua mkono wake uliopoa, akaufunika kwa yake miwili.

"Ukiondoka, masanduku nitayabeba mimi hadi kituo cha mabasi, na sitakuomba ubaki. Ukibaki, siku utakayoishiwa maneno nitakaa na wewe hivihivi, sitakuuliza kwa nini. Haki ya Mungu, naahidi."