Punda Hana Pembe

Avelina huamka kabla ya mumewe. Anawasha moto, anamtwika punda madumu, wanateremka kisimani. Kijiji chao kiko njia ya Kaengesa, na kisima kiko mbali, bondeni. Kabla ya kupata punda, maji yote yalipanda kile kilima juu ya kichwa cha Avelina. Mgongo wake unaujua uzito huo.

Naandika nikiwa na hasira, wala sifichi. Nimechoka kuona punda wenye vidonda miguuni. Watu wanapita, wanasema punda ni mvumilivu. Mvumilivu wapi? Hana mdomo wa kushtaki, basi.

Shida ilianza ulezi ulipoiva. Punda aliingia shamba la jirani, akala na kukanyaga. Jirani akaja juu. Eustaki, mume wa Avelina, aliona aibu.

"Leo namfunga," alisema.

Eustaki amekulia kwenye ng'ombe wa kulima. Ng'ombe hufungwa kitanzi kwenye pembe. Akivuta, kamba inabana pembe tu. Sasa punda hana pembe. Eustaki akachukua kamba ileile ya manila, akapiga kitanzi kilekile, akakitia kwenye miguu ya mbele. Punda alishtuka, akaruka, akaanguka. Kila akijivuta, kitanzi kilizidi kubana. Eustaki alipomsogelea, akala teke la paja.

"Asante ya punda ni mateke," alisema huku akichechemea.

"Asante ya nini?" Avelina alimuuliza. "Umempa kitu gani cha kukushukuru? Mfungue."

"Atazoea." Eustaki akaenda zake kilabuni.

Avelina alihangaika na lile fundo mpaka akaikata kamba kwa kisu. Ngozi ilikuwa imechanika. Kesho yake punda hakuweza kukanyaga. Avelina akajitwika dumu, akapanda kilima peke yake. Alilitua mbele ya mumewe.

"Baba Tadei, nisikilize. Punda huyu akifa, maji utateka wewe. Mimi kichwa changu kimestaafu."

Hakupika. Alikwenda kumwita Jane, afisa mifugo wa kata. Watu humwita bwana mifugo, ingawa ni mwanamke. Jane alifika kwa pikipiki, akauona mguu, hata salamu hakutoa.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi," Eustaki alisema. "Nilimfunga asile ulezi wa watu."

"Kumfunga si kosa. Kosa ni kitanzi. Pembe ni ngumu, huu ni mguu. Wewe ukibanwa hivi utatulia?"

Jane alikisafisha kidonda kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupozwa, akatia dawa.

"Asifungwe wala asibebe kitu mpaka apone," alisema. "Majani mumkatie."

Kwa muda huo Avelina alimkabidhi Eustaki dumu lake. Wanaume wa kilabuni walimcheka akipita nalo begani. Avelina hakumwonea huruma, na mimi pia simwonei.

Kidonda kilipopona, Jane alirudi kuwafundisha.

"Manila hapana, inakata. Waya hapana kabisa. Katani ikilowa inabana. Tafuteni kitu laini na kipana."

Avelina alileta shuka kuukuu la pamba. Walilisuka mkanda mpana. Kila mguu ulipata pete yake isiyoteleza, inayofungwa kwa kijiti kama kifungo cha koti. Katikati waliacha nafasi ya kutosha hatua fupi.

"Mkanda ukae chini ya kifundo, juu ya kwato," Jane alisema. "Vidole viwili vipite kati ya mkanda na ngozi. Na ni miguu ya mbele tu."

"Haya, nimfunge?" Eustaki aliuliza.

"Bado. Huyu hajasahau ulichomfanyia. Mpapase kwanza."

Eustaki alimpapasa kuanzia begani kushuka mpaka kwenye kwato, kwa mkono, kisha kwa mkanda. Punda akirudi nyuma, alingoja. Akitulia, alipewa pumba. Eustaki aligomba kwamba kazi zinalala. Avelina akamwambia aendelee.

Baadaye wakamfunga mguu mmoja, na alipozoea, yote miwili. Walimpeleka kwenye majani laini yasiyo na mawe, Avelina ameshika kamba ya kichwani. Punda alijaribu kwenda, akakwama, akasimama. Kisha akapiga hatua fupi, akainamisha kichwa kula.

"Mfungue sasa, kabla hajachoka," Jane alisema. "Na akiwa amefungwa msimwache peke yake, wala msimfunge usiku. Mbwa wakimvamia hawezi kukimbia."

Ulezi wa jirani uliobaki ulivunwa salama. Asubuhi punda anabeba maji, na Avelina anatembea kando yake mikono mitupu.

Juzi Eustaki alikuwa mashineni kusaga. Aliona punda wa mtu amefungwa kitanzi, kamba imezama kwenye ngozi. Mwenye punda alikuwa amekaa anatafuna muwa.

"Mfungue huyo," Eustaki alisema.

"Kwani ni wako?"

"Si wangu. Mfungue."

Yule mtu aliendelea kutafuna. Eustaki akapiga magoti, akaanza kulegeza fundo mwenyewe.

"We bwana, atakupiga teke."

"Acha anipige," Eustaki alisema. "Ni haki yake."