Maji Yafike Nyongani

Mkokoteni ulikuwa umeshatoka getini Pilipili alipochomoka ndani, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

"Nisubirini!"

"Shangazi hapendi tuchelewe," alijibu Mgeni bila kugeuka, huku akizidi kusukuma. Juu ya blanketi alikaa Bosi, mbwa mweusi mwenye kifua kipana, akitazama barabara kama mkubwa anayepelekwa kazini.

Ndivyo ilivyokuwa kila jioni baada ya shule. Bosi alikuwa amegongwa na pikipiki, akapasuliwa mguu wa nyuma, na mguu ule ulikuwa umekonda kwa kukaa bure. Shangazi yake Pilipili, dada wa baba, alikuwa daktari wa wanyama. Nyuma ya chumba chake cha matibabu alijenga birika la saruji lenye mteremko wa kuingilia, na humo aliwatembeza wanyama wenye viungo vibovu.

"Maji yanamsaidia kubeba mwili," aliwaambia. "Mguu unafanya mazoezi bila kuelemewa. Lakini yafike nyongani! Yakipungua, uzito wote unarudi mguuni."

Bosi alikuwa mbwa wa Pilipili tangu angali mdogo wa kutosha kulala ndani ya kofia. Hata hivyo, aliyepewa kazi ya kumwongoza majini ni Mgeni, binti wa mama mdogo, aliyekuja kuishi kwao muhula ule. Jina hilo la Mgeni alibandikwa na Pilipili mwenyewe, wala si kwa mapenzi. Siku ya kwanza ya mazoezi Pilipili alipiga ukelele, "Kimbia, Bosi, kimbia!" Mbwa akaruka, nusura ajivunje upya. Shangazi akamtoa Pilipili majini. "Mama, huo mdomo wako unatumia petroli. Wewe shika taulo."

Basi akashika taulo. Kila jioni alisimama kando akimwona Bosi anamkazia macho Mgeni na kupiga maji kwa mkia. Roho ilimuuma. Mbwa alipoanza kulala upande wa kitanda cha Mgeni, alishindwa kuvumilia.

"Umempa nini mbwa wangu?"

"Sijampa kitu. Namwongelesha polepole tu."

"Polepole, polepole! Kwani wewe kobe?"

"Afadhali kobe kuliko king'ora," alisema Mgeni, akavuta shuka.

Kesho yake Mgeni alijaza birika, akapima maji, kisha akainama kumvika Bosi jaketi la kuelea. Pilipili aliuona mgongo wake umegeuka. Akaingiza mkono majini, akakilegeza kizibo cha kutolea maji. Alichotaka ni kidogo tu: Bosi atembee vibaya, shangazi aone kwamba huyo binti hajui kitu.

Shangazi alikuwa chumba cha pili na paka wa mteja. Mgeni alikuwa amefundishwa asiondoe macho kwenye uso wa mbwa, naye hakuyaondoa. Maji yakashuka taratibu. Bosi alianza kuchechemea, mara akalia kwa sauti kali na kuketi chini.

Shangazi alikuja mbio. "Nani kajaza maji haya? Hata goti hayafiki!"

"Mimi, shangazi. Lakini yalifika nyongani, nilipima kwa mkono wangu!"

"Yamekwenda wapi, yamepaa? Kuanzia kesho usiingie humu."

Mgeni alilia njia nzima. Pilipili alisukuma mkokoteni. Ushindi alikuwa nao, lakini haukuwa na ladha.

Bosi alipumzishwa mpaka uvimbe wa mguu ukapungua, kisha Pilipili akakabidhiwa kamba. Alijitahidi kuongea polepole. Bosi alifika ukingoni mwa maji, akaanza kutetemeka, akalala chini. Alipovutwa, alimwonyesha meno. Hakuwahi kumwonyesha meno maishani mwake.

"Sasa anayaogopa maji," shangazi alisema. "Asipotembea, misuli itanywea moja kwa moja. Atakuwa mbwa wa kubebwa mpaka kufa."

Pilipili akaiachia kamba. "Shangazi, mwite Mgeni. Mimi ndiye niliyelegeza kizibo."

Shangazi aliiokota kamba. "Kwa nini?"

"Nilitaka aonekane hajui. Bosi alikuwa anampenda yeye."

"Keti hapa. Kuona wivu hukuchagua, ulikupata tu. Ungeniambia, 'Shangazi, naumia,' ningekufundisha kuongoza mbwa. Wewe ukauficha, ukaupa kazi ya kufanya, na aliyelipa ni mwenye mguu mbovu. Mwenzako nimemgombeza bila kosa, kwa hiyo mimi nitamwomba radhi. Na wewe utamwomba mbele yangu, kwa kinywa chako."

Mgeni alipoombwa msamaha alisema, "Nimesikia," basi. Pilipili alipojaribu kumshika mkono, aliuondoa. Kisha akaingia majini, akaketi kwenye mteremko akimnong'oneza Bosi mpaka mbwa akatia mguu mmoja.

Bosi alipona, ila hakimbii, na siku za baridi anachechemea. Mgeni alikaa wiki nyingi bila kuzungumza na Pilipili. Baadaye walizoeana, na muhula ulipokwisha alirudi kwa mama yake. Shangazi aliweka kizibo cha kufunga kwa spana. Pilipili alijifunza kuongoza wanyama majini, akianza na mbwa wa watu wengine. Bosi anamfuata yeye sasa.