Mkono Usio na Kiapo

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Kufika Wamagana kabla jua halijazama, kusimika kipimo cha unyevu wa udongo, kuzunguka mpaka na tabuleti ili setilaiti ichore ramani ya shamba, halafu kurudi. Salwa alikuwa na siku tatu tu katika kampuni moja ya kupima mashamba, huko Gatitu. Alichukuliwa mafunzoni kwa miezi mitatu, na msimamizi wake, Mbaabu, hakumficha: "Ukifanya vizuri, unabaki. Ukiharibu, unarudi Majengo kuuza mahamri na mama yako."

Ila mteja alikuwa amekataa fundi wa kawaida. "Nitumieni yule msichana mpya," alisema kwa simu. "Yule wa mjini. Asiye wa huku."

Mteja huyo ni Kinyua; karatasi ya kazi ilimwandika Kinyua wa Mukami, kwa jina la mama yake. Mtu wa mdomo mtamu, kanisani hukaa kiti cha mbele. Tangu Salwa afike, mikono ya mzee huyo haikutoka mifukoni.

"Karibu, mami. Kipimo weka kule chini, kwa ile kahawa."

"Lakini mzee, na haya maua yaliyokatiza hapa?"

Itoka zilikatiza shamba kwa mstari, maua meupe yenye vichwa vya chini kama vitunguu. Wakikuyu wamepanda hizo mipakani tangu enzi za mababu. Mtoto wa Majengo angejulia wapi? Kwake yeye maua ni ya harusi.

"Ati maua? Hiyo ni magugu. Ng'oa yote. Mimi mgongo inaniuma."

Akang'oa. Kumi na moja. Kila moja lilitoka kwa mlio, kama jino.

La mwisho lilipotoka, Kinyua akatoa mikono mifukoni, akaipiga makofi, akacheka hadi akakohoa.

"Hizo ni mama yangu alipanda, akitugawia shamba mimi na ndugu yangu. Akaapa: mtoto wangu akizing'oa kwa mkono wake, ardhi imshike asitoke. Sasa ndugu yangu alikufa, mama akakufa, na Shiku, huyo mjane, anakalia kahawa yangu. Mimi sijang'oa kitu. Mkono ni yako. Kama kuna laana, mami, beba uende nayo Gatitu."

Akapanda kwake kunywa chai.

Salwa hakulia. Alisaga meno. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka milima ya Nyandarua, hata miti ya kahawa ikawa vivuli. Akawasha tabuleti, akaanza kuzunguka, maana kazi ni kazi.

Kwi... kwi... kwi...

Jembe.

Nyuma yake.

Kisha harufu ya ugoro.

Bibi kizee alikuwa ameinama kwenye mashimo, akirudisha maua moja moja. Ukungu ulikuwa ukidondoka kwenye majani yote, lakini leso yake ilikuwa kavu.

"Kasichana," akanong'ona bila kuinua kichwa. "Mkono uling'oa ni wako."

"Ndio, shosho."

"Na neno... lilikuwa la nani?"

Angeweza kukimbia. Angeweza kumtaja Mbaabu, ambaye ndiye alimtuma. Lakini kile kicheko kilikuwa bado kinamchoma.

"La Kinyua wa Mukami."

"Mukami ni mimi."

Salwa akaitazama tena ile leso kavu.

"Akiwa nyumbani kwake simfikii," bibi akasema. "Mwite. Akija, wewe nakuacha. Asipokuja, ni wewe."

Salwa akapiga simu. Sauti yake ilikuwa laini, utasema ya kuuza sabuni. "Mzee, mtambo umekataa. Unataka mwenye shamba azunguke mwenyewe." Alijua anachofanya. Asije mtu kumtetea hapa kwamba hakujua.

Kinyua akaja akihema. "Watoto wa siku hizi! Shule yote hiyo na hamjui kitu!" Akamnyang'anya tabuleti. Akampita mama yake mzazi kama anayepita mgomba.

Akazunguka.

Chini, kona, juu. Chini, kona, juu. Robo ekari ile ile ya mjane. Mara ya tatu alipita karibu hata Salwa akanusa chai kinywani mwake. Macho yalikuwa wazi, lakini hayakumwona.

"Msichana..." alinong'ona. "Hii shamba inaisha wapi?"

Salwa alishika njia ya barabarani.

Asubuhi majirani walimkuta bado anatembea, soli za gambuti zimeisha. Tabuleti ilikuwa imehesabu kilomita arobaini. Itoka kumi na moja zilisimama mahali pake, mizizi imeshika kama ya miaka. Walimlaza, akaamka akarudi. Walimfunga kamba, akalia kama ndama mpaka wakamfungua. Daktari ana jina la ugonjwa huo, na pasta ana lake. Mbaabu aliona ramani imenyooka, akasema msichana ana mkono mzuri.

Wiki iliyofuata Shiku alifika Gatitu na mkungu wa ndizi. Alikaa ukingoni mwa kiti.

"Mama mkwe amenijia ndotoni," alinong'ona. "Alitaka kumchapa tu. Ni mtoto wake. Siku ya tatu alimfungulia... na hatoki."

"Kwa nini?"

"Anasema aliyemwita si yeye. Aliyemwita ndiye atamwambia aende. Ni neno moja tu, dadangu. Simama hapo kwa mpaka, sema: Kinyua, nenda nyumbani."

Salwa alimenya ndizi moja, akaila yote polepole.

"Nitakuja kesho."

Hiyo ilikuwa Machi. Sasa ni Novemba, kahawa imeiva, na wachumaji humpisha Kinyua kati ya mistari kama wanavyompisha ng'ombe. Shiku hupiga simu kila Jumamosi, siku nyingine akilia. Salwa, ambaye siku hizi ana meza yake na ufunguo wa ofisi, humsikiliza mpaka mwisho. Kisha humjibu kwa adabu nzuri kabisa:

"Kesho, dada. Kesho bila kukosa."