Dawa ya Choo Aliyomwaga Mama

Mama hakutulia. Alifungua bomba la zambarau uani, akalifunga, akaingia jikoni, akatoka kulifungua tena. Hata tone. Ilikuwa siku ya nne. Miche yake ya nyanya ilikuwa imelegea kama matambara.

"Mama, keti basi unywe chai."

"Chai nitaimezaje, mwanangu? Ikifika Ijumaa bila maji, miche imekwisha."

Mji wetu ni mkavu, na watu wanaongezeka. Maji ya kisima yanatosha kunywa na kupikia tu. Ndiyo maana kilijengwa kiwanda cha kusafisha majitaka. Maji ya bafuni, jikoni na chooni huenda huko, husafishwa, kisha hurudi kwa bomba la zambarau. Si ya kunywa. Ni ya bustani.

Fundi wa kiwanda, mwanamke mwenye mabuti ya mpira, alipiga hodi.

"Shikamoo, mama. Chooni mnamwaga nini?"

"Marahaba. Dawa ya choo, ile kali. Chupa nzima kila asubuhi," Mama alijibu kwa fahari. "Mtaa mzima nimeufundisha mimi. Tuwaletee uchafu mbichi? Mtatuonaje?"

Fundi alitaka kucheka, akajizuia.

"Mama yangu, uchafu ndio kazi yetu. Kwenye mabwawa tunafuga vijidudu. Tunavipulizia hewa, navyo vinakula uchafu. Kisha tunachuja maji na kuyatia dawa kwa kipimo. Dawa yenu imeviua. Maji hayasafishiki, tukafunga bomba."

"Yaani nimeua mifugo ya watu?"

"Yote. Mkiacha leo, tutaleta vijidudu vingine. Mtasubiri wiki mbili. Kwa sasa mwagilia miche kwa maji uliyooshea mboga."

Mama hakuaga. Alitoka na ndala zisizofanana, akagonga kila mlango.

"Jamani, ile dawa acheni! Nilikosea mimi!"

"Leo mwalimu umefeli?" jirani alimtania.

"Nimefeli, shoga. Lete hiyo chupa."

Kwa wiki mbili alizunguka na beseni la maji ya mboga, akigawia kila mche kikombe. Mingi ilikufa. Kumi na miwili ilipona. Siku ya kumi na tano bomba lilikohoa, likatoa maji. Mama alikaa chini palepale uani, kwa mara ya kwanza tangu maji yakatike.

Nyanya zile tulizivuna pamoja. Za mwaka uliofuata nilizivuna peke yangu; Mama alikuwa ameshafariki.